Mzee wa chokaa alivyoninyima dole gumba: kero ya kufunga mwaka kitengo cha malipo, enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu.

Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana nimevuka tisini na sidhani kama yupo wa kunizidi hapa. Marahaba wote.

Ninachoandika ni kitu kilichonipata mwenyewe. Majina nimebadilisha na kampuni siitaji, kwa kuwa wajukuu wa wahusika wapo mjini na wengine huenda wanasoma. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Kilichonifanya niandike ni uzi wa binti mmoja anayefanya kazi kitengo cha malipo. Analalamika kwamba Desemba inamtoa roho. Ankara zinamiminika wiki ya mwisho, simu haziachi kulia, bosi anataka hesabu zifungwe, yeye analia chooni.

Wachangiaji wakamshauri anywe maji mengi. Mwingine akasema afanye mazoezi ya kupumua. Mwingine kamwambia ajipake mafuta ya mchaichai.

Nilisoma kurasa zote mpaka macho yakauma. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini hizo ankara zinachelewa.

Mafuta ya mchaichai, jamani.

Haya, tuanze.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa karani wa kampuni moja ya ujenzi. Ofisi ilikuwa mjini, mie nimepanga chumba Kinondoni, naenda na kurudi kwa baiskeli. Kazi yangu ndiyo hiyohiyo ya huyo binti: watu wanaoiuzia kampuni vitu wanaleta ankara, sie tunazikagua, tunaandika hati, wanalipwa. Siku hizi mnawaita wazabuni. Sie tuliwaita wadai, na naona jina letu lilikuwa na ukweli zaidi.

Wadai walikuwa wa namna nyingi. Wahindi wa mjini walituuzia misumari na saruji. Watu wa bara waliohamia Pugu walileta magogo na mkaa. Wenyeji wa upande wa Mtoni walileta chokaa, makuti, boriti na kamba.

Mwaka mzima unaweza kusahau kama watu hao wapo. Chokaa inaletwa, inapokelewa, inapakwa ukutani, mwenye nyumba anahamia, ankara haijaonekana. Mwenyewe ameweka hesabu kichwani, au amechora vijistari kwa mkaa nyuma ya mlango wake.

Halafu inaingia Desemba, na baraza yote ya ofisi inajaa watu.

Nawapa mfano mmoja tu. Bibi mmoja muuza boriti, mtu wa heshima zake, kakaa mbele ya meza yangu.

"Hizi boriti ulileta lini, bibi?"

"Wakati ule wa mvua."

"Mvua ipi?"

"Ile iliyonyesha."

Salum, mwenzangu wa meza ya pili, mzaliwa wa Temeke na mtu wa mzaha, akasema bila kuinua kichwa, "Mwandikie hivyo hivyo. Tarehe: iliyonyesha."

Zidisheni hiyo kwa baraza nzima. Huyu anataka kulipwa kwa mzigo ambao mpokeaji wake ameshaacha kazi. Yule ankara yake imelowa. Wa tatu amekuja na ndugu zake kumi kama mashahidi. Na nyuma yetu anatembea Bwana Rebelo, karani mkuu, Mgoa wa tai iliyonyooka na vidonge vya tumbo mfukoni, anauliza kila baada ya muda, "Mmefunga? Mmefunga?"

Hatujafunga, Bwana Rebelo. Tutafungaje?

Desemba hakuna aliyepewa livu, yaani likizo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Na hapo ndipo matatizo yangu yalipokuwa.

Mie ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilikuwa na mchumba huko, Theresia. Ng'ombe wa mahari walishakwenda, padri alishatangaza ndoa, na mwaka uliotangulia nilikuwa nioe baada ya Krismasi. Livu ikakataliwa. Wakwe walishapika pombe, wageni wakala, wakaondoka bila kumwona bwana harusi.

Nilivumilia aibu hiyo mwaka mzima. Katikati ya mwaka uliofuata akaja shemeji yangu Petro, kaka wa Theresia, aliyekuwa akifanya kazi kwenye treni. Alinikuta Kinondoni nafua shati.

"Shemeji, baba kanituma."

"Nakusikiliza."

"Anasema ng'ombe wako wanakula majani yake mwaka wa pili huu, na mtu wa kuoa hamuoni. Desemba usipokuja, anakurudishia."

"Na Theresia anasemaje?"

"Theresia kaniambia nikuulize kama umemuoa huyo Bwana Rebelo."

Sikupata usingizi mzuri kwa siku kadhaa. Kisha nikavaa tai, nikaenda mezani kwa Bwana Rebelo.

"Bwana, Desemba hii lazima nioe."

"Oa. Nani kakukataza? Oa Jumapili, Jumatatu njoo kazini."

"Bibi harusi yuko Tabora."

"Hilo ni kosa lako. Si la kampuni."

Nikamweleza nilichokuwa nimekifikiria. Kwamba Desemba inatuua kwa sababu tunawasubiri watu mwaka mzima halafu tunawataka wote pamoja. Kwa nini wasilete ankara kila mwezi? Tukifunga mwezi mmoja mmoja, mwaka utajifunga wenyewe.

Akatia kidonge mdomoni, akakitafuna.

"Orodha yote ya wadai iwe imefungwa Ijumaa kabla ya Krismasi," akasema. "Kila mdai awe ameweka sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya uthibitisho. Wote. Ukifanya hivyo, Jumamosi panda treni. Akikosekana mmoja, utakula Krismasi hapa na mimi."

Karatasi ya uthibitisho, kwa wasioijua, ni karatasi ya mwisho wa mwaka ambayo mdai anakubali kwamba anaidai kampuni kiasi fulani na hadai kingine. Bila hiyo, mkaguzi akija anawachinja.

Nikatoka pale nikijiona nimeshafika Tabora.

Nikaandika tangazo kwa mkono wangu, Kiswahili safi, nikalibandika barazani: wadai wote wanatakiwa kuleta ankara zao kila mwisho wa mwezi, na watalipwa mapema. Salum akasimama akalisoma. Akaguna, akarudi mezani kwake.

Wakuu, sikilizeni kilichofuata.

Tukiwa katikati ya mwezi, asubuhi, nafika kazini nakuta baraza imejaa wazee wa Mtoni. Kanzu nyeupe, kofia, ankara mkononi. Mbele yao kasimama Mzee Kibwana.

Huyu niwaeleze. Alikuwa na tanuu la chokaa Mtoni, na ndiye aliyekuwa mdai wetu mkubwa kuliko wenyeji wote. Mfupi, sauti ya muadhini, mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia leo kuna joto atakuuliza umelipima na nini.

"Karani, tumeitika wito," akasema.

"Wito wa nini, mzee?"

"Mwisho wa mwezi."

"Mwezi haujaisha, mzee. Leo tarehe kumi na nane."

Wakatazamana. Mzee Kibwana akacheka kwa pua.

"Mwezi umeandama jana. Nimeuona mimi, kauona huyu, na ng'ombe wa jirani kauona. Wewe ulikuwa umelala?"

Bwana Rebelo akatoka, akasikia, akawaambia warudi tarehe thelathini na moja. Wakaondoka wamenuna. Wametembea kutoka Mtoni na kurudi Mtoni bure, na wengine walikuwa na umri wa baba yangu.

Nikamgeukia Salum. "Wewe ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba kwao mwezi ni mwandamo."

"Kwao? Hata kwetu. Mwezi si ule pale juu? Wa kwenu bara mnautundika wapi, ukutani?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Siku hiyo nilitamani kuacha kazi.

Nikabandika tangazo jipya: mwisho wa mwezi wa Kizungu. Likawa baya zaidi. Wengine walidhani kuna kodi mpya. Mzee Kibwana akatuma salamu kwa mtu wa makuti, akiuliza huo mwezi wa Kizungu unaandamia upande gani ili na yeye akautazame. Tarehe thelathini na moja wakaja Wahindi na watu wa Pugu. Mtoni hakuja mtu. Mwandamo uliofuata wakaja wote, kanzu zilezile, ankara zilezile pamoja na mpya.

Safari hii Bwana Rebelo hakuwepo, alikuwa kwa daktari kwa ajili ya tumbo lake. Mie nilikuwa nimechoka kubishana. Nikasema potelea mbali, nikapokea.

Na hapa naomba msome taratibu, hasa nyie wa kitengo cha malipo.

Kazi ikawa nyepesi. Sikuwa nimekusudia. Wenyeji walikuja mwezi ukiandama, ambao mwaka ule uliangukia katikati ya mwezi wa ofisi. Wahindi na watu wa bara wakaja mwisho wa mwezi wa kalenda. Foleni moja ikawa mbili, kila moja na wiki zake. Niliweza kumuuliza mtu mzigo wake ukiwa bado haujasahaulika. Yule bibi wa boriti mvua zake tukazijua zote.

Bwana Rebelo aliporudi na kuona tarehe za ankara alitaka kupiga kelele, kisha akaona zimekaguliwa na kulipwa. Akazirudisha kwenye faili. Nadhani hata vidonge vilipungua.

(Samahani wakuu, nilikwenda kuswaga mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mchicha. Naendelea.)

Desemba ikaingia, na baraza ilikuwa tupu kiasi kwamba mhasibu mkuu, Mwingereza aliyekuwa hatoki chumbani kwake, alitoka akauliza kama kuna mgomo.

Nikaanza kukusanya karatasi za uthibitisho. Wahindi wakaweka sahihi. Pugu nikaenda kwa baiskeli, nikapata madole yote siku moja. Mtu wa makuti, mtu wa kamba, bibi wa boriti, wote tayari.

Alhamisi, siku moja kabla ya ahadi, alibaki Mzee Kibwana peke yake.

Sikuwa na wasiwasi. Alishaleta ankara mwandamo uliopita, siku chache tu nyuma, na pesa alishapewa sehemu. Kilichobaki kilikuwa kidogo na hatukugombania. Ni dole tu. Nikapanda baiskeli baada ya chakula cha mchana nikashika barabara ya Kilwa. Mvua ya vuli ilikuwa imekatika, tope lote likahamia kwenye suruali yangu.

Nilimkuta kando ya tanuu lililozimwa, amekaa kwenye kigogo anakunywa kahawa. Mkewe, Bi Mwanaidi, anachambua mchele ukumbini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtani. Umekuja kubeba pembe?"

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na babu zetu walikuwa wapagazi wa pembe za ndovu, kwa hiyo hapo hakuna tusi. Nikacheka, nikakaa, nikapewa kahawa. Nikatoa karatasi na kidau cha wino.

"Niwekee dole hapa, mzee, nikaoe."

"Isome kwanza."

Nikasoma. Nakubali kwamba mpaka mwisho wa mwezi huu naidai kampuni kiasi hiki, wala sidai kingine.

"Mpaka mwisho wa nini?"

Nikaiweka kahawa chini.

"Wa mwezi, mzee."

"Mwezi gani?"

"Huu."

"Huu ni Mfunguo Tisa. Umeandama Ijumaa iliyopita. Hata kitovu chake hakijakatika, wewe unataka nikubali kwamba umekwisha?"

"Mzee, huu ni mwezi wa ofisi."

"Nao umekwisha?"

Hapo akanikamata. Ilikuwa tarehe kumi na nane. Hata wa ofisi ulikuwa haujaisha.

"Utaisha," nikasema.

"Basi ukiisha uje."

"Ukiisha nitakuwa nimeshanyang'anywa mchumba!"

Nikamweleza yote. Ng'ombe, pombe iliyonywewa bure, Petro, treni ya Jumamosi. Alisikiliza vizuri, akanisikitikia, akaniongezea kahawa. Kisha akasema, "Pole sana, mtani. Lakini mimi siweki dole kwenye uongo. Mwezi hata nusu haujafika, mimi niseme mpaka mwisho wake sidai kingine? Nikifa kesho, wanangu wakadai chokaa ya keshokutwa, mtawatolea dole la baba yao."

"Hakuna chokaa ya keshokutwa, mzee. Kampuni inafunga."

"Karatasi haisemi hivyo. Karatasi inasema mwezi."

Bi Mwanaidi akadakia kutoka ukumbini, "Kijana, kabila lako ndilo lenye jina la mwezi. Wanyamwezi nyie. Ikawaje mje kuuliza Wazaramo unaisha lini?"

Mzee Kibwana alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Mie sikucheka. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, na jua linashuka.

Nikasimama. Nakiri nilipandisha sauti, jambo ambalo si adabu mbele ya mtu mzima.

"Mzee, achana na mwezi. Achana na mwaka. Niambie kitu kimoja tu. Mpaka leo, hapa tulipo, unaidai kampuni kiasi gani?"

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Si hicho ulichokisoma hapo? Shilingi zilezile. Sina nyingine."

"Nikiandika mpaka leo, unaweka dole?"

"Naweka. Kwa nini nisiweke? Tungekuwa tumeshamaliza, wewe ndiye uliyeleta habari za mwezi."

Nilimtazama yule mzee nisijue nimkumbatie au nimsukumie kwenye tanuu.

Nikakata maneno manne, nikaandika moja juu yake, nikamsomea upya. Akaweka dole, kubwa, jeusi, zuri kuliko madole yote niliyowahi kuona. Akasema hesabu nyingine nasi hafungui mpaka mwezi wake uishe, na Bi Mwanaidi akanifungia vitumbua vya njiani.

Nilidhani mambo yamekwisha. Ijumaa asubuhi Bwana Rebelo akapitia karatasi moja moja kwa kidole. Akafika ya chokaa.

"Nani amekuruhusu kukata?"

"Hakuna, bwana."

"Hii ni karatasi ya kampuni. Maneno yake yanatoka Uingereza."

"Mdai hakukubali maneno ya Uingereza, bwana."

"Imeandikwa mpaka leo. Leo ya jana. Je, akileta chokaa leo hii, au Jumatatu? Orodha imefungwa au haijafungwa?"

"Haleti, bwana. Tanuu limezimwa. Na ameniambia hafungui hesabu nyingine nasi mpaka mwezi wake uishe."

"Na unaisha lini huo mwezi wake?"

"Januari, bwana."

Bwana Rebelo akaweka kalamu chini. Nilifanya kazi chini yake miaka, na hiyo ndiyo mara pekee nilimwona akicheka kwa sauti. Alicheka akiwa ameshika tumbo lake bovu. Kisha akachukua kalamu, akaweka sahihi pembeni ya lile neno nililoliandika, akagonga mhuri.

"Nenda kaoe," akasema, "kabla sijasoma tena."

Jumamosi nikapanda treni. Harusi ilifungwa, na mimi na Theresia tuliishi pamoja mpaka Mungu alipomchukua. Kitu cha kwanza alichoniuliza stesheni ya Tabora, mbele ya baba yake, kilikuwa, "Karani mkuu hajambo?"

Sasa mje kwenye kinachoniudhi mpaka leo.

Mwaka uliofuata akaletwa mhasibu mpya kutoka ng'ambo. Akaona ankara zinapokelewa kwa awamu mbili, akasema ofisi haiwezi kuwa na miezi miwili. Akafuta. Likabandikwa tangazo: wadai wote, tarehe moja. Desemba hiyo baraza ikajaa kama zamani, bibi wa boriti akarudi na mvua yake, na Bwana Rebelo akarudi kwenye vidonge. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilimwona Salum anatikisa kichwa, nikamwambia asiseme neno.

Nilichojifunza, na ndicho ninachomwambia yule binti:

Presha yako ya Desemba haikuanza Desemba. Ilianza siku ofisi yenu ilipochagua tarehe inayoifaa ofisi bila kujali anayeleta ankara anaishije. Wapo wanaolipwa wakivuna, wapo wanaopata nafasi Ijumaa tu, wapo wanaopokea mzigo meli ikiingia. Wajue hao, wapange kwa makundi, uone kama foleni haitakatika.

La pili, usimtake mtu atie sahihi kwenye maneno ambayo kwake si ya kweli halafu ukamwita mkorofi. Mzee Kibwana alikuwa mkorofi, hilo silikatai. Lakini siku ile hakukataa deni. Alilikataa neno.

Maji kunywa, mwanangu, hayana ubaya.

Wenye ofisi ambazo Desemba mnapumua, semeni hapa mlifanyaje ili mwenzetu apone. Na wahasibu mtakaokuja kunieleza kuhusu mifumo yenu ya kompyuta, karibuni pia, ila mnijibu kwanza: wadai wenu mliwauliza, au mliwabandikia tangazo?